Grace Hopper: Mwanamama aliyeifundisha kompyuta kusikia maneno ya watu

Na Mwandishi Wetu, Newala

MKULIMA wa korosho wa Newala au Masasi anayepokea ujumbe mfupi wa benki katika simu yake ya mkononi, ukimwarifu kuwa malipo ya mzigo wake yameingia, huona mistari michache tu. Maneno yake yanasomeka, na tarakimu zake ni zile zile alizofundishwa shule ya msingi.

Chini ya mistari hiyo kuna kazi kubwa asiyoiona. Programu inayoonyesha ujumbe inakaa juu ya mfumo endeshi wa simu. Mfumo endeshi nao unaiamuru mashine kwa lugha yake, ambayo ni sifuri na moja tupu. Na hizo sifuri na moja si kitu kingine bali ni swichi ndogo mno za umeme, mamilioni kwa mamilioni, zinazofunguka na kufunga kwa kasi isiyopimika kwa macho.

Wataalamu huuita mpangilio huo matabaka. Kila tabaka huficha ugumu wa lile lililo chini yake na kulipatia lile lililo juu yake kazi nyepesi zaidi. Bila matabaka hayo, hakuna karani wa chama cha msingi ambaye angeweza kutumia kompyuta, kwani ingemlazimu kwanza awe bingwa wa hisabati na fundi wa umeme.

Miongoni mwa watu waliolijenga tabaka lililoileta kompyuta karibu na watu wa kawaida, jina la Grace Hopper haliwezi kurukwa. Mwanamama huyo wa Kimarekani, mwanahisabati na ofisa wa jeshi la majini, alifariki dunia Januari 1, 1992, akiwa na umri wa miaka 85. Maisha yake yanafaa kusimuliwa leo katika mikoa ya kusini, ambako hata bei ya korosho sasa huamuliwa kwa njia ya kompyuta.

Mfano wa maji

Wakazi wa Uwanda wa Makonde hawahitaji kwenda mbali kuelewa maana ya matabaka. Tofauti na Masasi, mji ulio chini katikati ya vilima vya mawe, Newala imekaa juu kabisa, ukingoni mwa uwanda unaotazama bonde la Mto Ruvuma. Udongo wa huko juu ni mchanga unaoyanywa maji ya mvua mara tu yanapoanguka. Kwa vizazi vingi kina mama waliteremka hadi mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kwa kichwa.

Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, ulibadili hali hiyo kwa kuweka pampu bondeni, likiwamo eneo la Mitema, kisha mabomba ya kupandishia na matangi huko juu. Anayefungua koki leo haioni pampu wala hahitaji kuifahamu. Anaona koki tu, na hiyo ndiyo faida ya tabaka.

Lakini faida hiyo ina upande wa pili. Siku pampu ya bondeni ikisimama, koki haina msaada wowote, na anayeijua koki peke yake hana la kufanya isipokuwa kusubiri. Maisha ya Dk. Hopper yaligusa pande zote mbili. Alitengeneza koki ya kompyuta, lakini hadi mwisho wa uhai wake hakuacha kuwashika watu mkono na kuwapeleka kuiona pampu.

Msichana mfungua saa

Alizaliwa Desemba 9, 1906, katika Jiji la New York, akipewa jina la Grace Brewster Murray. Baba yake alikuwa wakala wa bima, na babu yake mzaa mama alikuwa mpima ardhi. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Aliposhindwa kuirudisha alifungua ya pili, kisha ya tatu, na mama yake alipogundua, saa zipatazo saba zilikuwa zimekwisha kutawanywa. Adhabu yake ilikuwa nyepesi: aliruhusiwa kuendelea kuchezea saa moja tu.

Alisoma hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar, akahitimu mwaka 1928. Mwaka 1930 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka huo huo akafunga ndoa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi. Mwaka 1934 alitunukiwa shahada ya udaktari wa hisabati, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wa wakati huo. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1945, lakini jina la Hopper alilibakiza.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta akifundisha Vassar. Aliomba kuingia jeshi la majini, akakataliwa kwanza kwa sababu ya umri na kwa sababu alikuwa mwembamba mno, uzito wake ukiwa pungufu kwa takriban kilo saba. Hakukata tamaa. Aliomba kibali maalumu, akaapishwa Desemba 1943, na katikati ya mwaka uliofuata alimaliza mafunzo akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Mashine ya mita 15

Badala ya kupelekwa kwenye meli, luteni huyo mpya alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, ambako Howard Aiken alikuwa akisimamia mashine ya kukokotoa iliyoitwa Mark I. Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa zaidi ya tani 4. Iliweza kufanya hesabu tatu za kujumlisha kwa sekunde moja, na kuzidisha kuliichukua sekunde sita hivi. Kwa kipimo cha leo ni konokono, lakini kwa siku zile ilikuwa maajabu.

Kuiamuru mashine hiyo kulimaanisha kutoboa matundu katika utepe wa karatasi. Kila tundu lilikuwa na maana, na kila hatua ya hesabu ililazimika kuandikwa kwa namba. Hapakuwa na tabaka lolote kati ya mtu na mashine. Dk. Hopper aliandika kitabu cha maelekezo ya mashine hiyo chenye kurasa zaidi ya 500, kilichochapishwa mwaka 1946.

Katika miezi hiyo ya vita walifanya pia hesabu zilizoletwa na mwanahisabati John von Neumann bila kuelezwa ni za nini. Ilikuja kujulikana baadaye kuwa zilihusu ubunifu wa bomu la nyuklia la aina iliyodondoshwa Nagasaki mwaka 1945. Hivyo hata wale waliokaa karibu kabisa na mashine walifichwa jambo lililokuwa juu yao: matumizi ya kazi ya mikono yao.

Septemba 9, 1947, mashine iliyofuata, Mark II, ilipata hitilafu. Mafundi walipoichunguza walimkuta nondo, yule kipepeo wa usiku, amebanwa ndani ya swichi. Walimbandika katika daftari la kazi, ambalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian ya Marekani. Ni kweli kwamba mafundi walikwisha kuziita hitilafu kwa jina la wadudu miaka mingi kabla ya hapo, lakini Dk. Hopper ndiye aliyeisimulia habari hiyo hadi ikaenea duniani.

Mashine inayojiandikia programu

Mwaka 1949 aliacha Harvard na kuajiriwa na kampuni ya Eckert na Mauchly huko Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Huko ndiko alikofanya kazi iliyomjengea jina.

Aliona kwamba waandishi wa programu walikuwa wakinakiliana vipande vya kazi kutoka katika madaftari yao. Aliyehitaji hesabu ambayo mwenzake alikwisha kuiandika aliinakili kwa mkono, namba kwa namba, na kuibadilisha ilingane na kazi yake. Binadamu hachelewi kukosea anaponakili. Namba moja ikikosewa, siku nzima ya kazi ilipotea.

Wazo lake lilikuwa jepesi kulisema. Vipande vilivyokwisha kuhakikiwa vihifadhiwe katika utepe, kila kimoja kipewe namba yake, halafu kompyuta yenyewe ipewe kazi ya kuvitafuta, kuvinakili na kuviunganisha. Mwaka 1952 programu hiyo, A-0, ilikuwa ikifanya kazi. Ilikuwa moja ya hatua za kwanza za kile kinachoitwa leo kompaila, yaani programu inayochukua maagizo ya mtu na kuyageuza kuwa lugha ya mashine.

Wengi hawakumwamini. Walishikilia kuwa kompyuta ni ya kufanya hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Wengine walikuwa na hoja yenye uzito: muda wa kompyuta ulikuwa ghali mno, na programu zilizotungwa na mashine mara nyingi zilikwenda polepole kuliko zile zilizoandikwa kwa mkono na mtu stadi. Kila tabaka lina gharama yake. Jibu lake lilikuwa kwamba muda wa binadamu nao ni mali, na kwamba watu wenye ustadi huo walikuwa wachache mno kulinganisha na kazi zilizokuwa zikisubiri.

Maneno badala ya alama

Hakuishia hapo. Kwa uzoefu wake, wanahisabati walipenda alama, lakini watu wa maofisini, wale wa mishahara, bima na ghala, walizikimbia. Akapendekeza waiamuru kompyuta kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Kutokana na wazo hilo, yeye na kundi lake walitengeneza lugha ya FLOW-MATIC katika nusu ya pili ya miaka ya 1950.

Katika kuwashawishi wakuu wa kampuni, kundi hilo liliwaonyesha programu ndogo iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha ile ile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Wakuu walishtuka. Kwao halikuwa jambo la kufikirika kwamba kompyuta iliyotengenezwa Marekani ielewe Kifaransa au Kijerumani, na ilibidi kundi hilo litumie muda mrefu kuwahakikishia kuwa lingeshughulikia Kiingereza tu.

Kisa hicho kina funzo kwa msomaji wa Kiswahili. Kwa mashine, neno la kuamuru kujumlisha halina utaifa. Ni mfuatano wa alama unaolinganishwa na orodha iliyowekwa na mtu. Orodha ikiwa ya Kiswahili, mashine itatii kwa namna ile ile. Watalaamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walidhihirisha jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux, ulipotoa programu ya kazi za ofisi inayomwongoza mtumiaji kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha inayotawala katika tabaka la juu iliwekwa na uamuzi wa watu, wala si na maumbile ya mashine.

Mwaka 1959 wawakilishi wa serikali ya Marekani na wa makampuni walikutana kutafuta lugha moja ya kazi za biashara itakayokubalika katika kompyuta za kila mtengenezaji. Matokeo yake yalikuwa lugha ya COBOL. Dk. Hopper hakuiandika peke yake. Ilitungwa na kamati, naye alikuwa mshauri, lakini msingi wake mkubwa ulitoka katika FLOW-MATIC. Aidha, kampuni ya IBM ilikwisha kutoa lugha ya FORTRAN kwa wanasayansi mwaka 1957.

Desemba 1960 programu moja ya COBOL ilijaribiwa katika kompyuta mbili za watengenezaji tofauti, RCA na Remington Rand. Kwa marekebisho machache tu, ilifanya kazi kote kuwili. Hapo tabaka lilikuwa limethibitika: mwandishi wa programu hakulazimika tena kujua mashine iliyo chini yake imetengenezwa na nani.

Waya wa sentimita 30

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 60. Halikupita hata mwaka kabla ya kumwita tena, Agosti 1967, kwa kazi ya miezi sita ya kusawazisha lugha za kompyuta zake. Miezi sita hiyo ikageuka kuwa miaka karibu 20. Mwaka 1983 alipewa cheo cha komodoo, ambacho mwaka 1985 kilibadilishwa jina na kuwa cha ngazi ya admirali. Alistaafu Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 79, katika hafla iliyofanyika ndani ya meli ya kale ya USS Constitution, mjini Boston.

Katika miaka hiyo alizunguka akitoa mihadhara, na ndipo alipojulikana kwa waya wake. Aliwagawia wasikilizaji vipande vya waya vya urefu usiozidi sentimita 30. Huo ndio umbali wa juu kabisa ambao umeme au mwanga unaweza kuusafiri katika nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kisha aliinua furushi la waya wa karibu mita 300 na kueleza kuwa hiyo ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Baadaye, kwa kipimo kidogo zaidi, aligawa chengachenga za pilipili manga.

Maofisa waliouliza kwa nini ujumbe wa satelaiti unachelewa walipata jibu mkononi: kati ya ardhi na satelaiti kuna vipande vingi sana vya waya ule. Mwanamama aliyetumia nusu ya maisha kuwafichia watu ugumu wa mashine alitumia nusu nyingine kuhakikisha hawasahau kuwa chini kabisa kuna umeme, waya na umbali.

Ofisini kwake alikuwa na saa ya ukutani ambayo mishale yake ilizunguka kinyumenyume. Ilitoa saa sahihi kwa aliyejifunza kuisoma. Ilikuwa njia yake ya kuwaambia wageni kwamba mazoea si sheria.

Tabaka linapomfunika mtu

Tahadhari yake ilikuja kuonekana baada ya kifo chake. Mwaka 1999 ulipokuwa ukimalizika, dunia iliingiwa na hofu kwa sababu programu nyingi za zamani, zikiwamo za COBOL, zilikuwa zikihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu. Waliotumia mifumo hiyo kila siku hawakujua kilichoandikwa chini. Aprili 2020, wakati wa janga la Uviko-19, Jimbo la New Jersey nchini Marekani lililazimika kutangaza kuwa linatafuta watu wanaoijua COBOL, kwani mifumo yake ya zamani ilielemewa na maombi ya waliopoteza ajira.

Tanzania ina kumbukumbu yake. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, ikiwa ya kwanza nchini. Mpango uliofuata wa kuweka hesabu za serikali katika kompyuta ulikwama, huku nchi ikitegemea wataalamu wa kigeni, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa polepole hadi ikaondolewa. Mwaka 2003, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, nchi ikapata Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano.

Leo suala hilo limefika hadi kwenye magunia ya korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi za ghala uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, wanunuzi walikuwa wakiweka zabuni zao katika sanduku, linalofunguliwa mbele ya wakulima. Katika msimu wa 2024/2025, minada ya vyama vikuu vya TANECU, cha Tandahimba na Newala, na MAMCU, cha Masasi na Mtwara, ilihamia katika mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Sanduku mkulima aliliona likifunguliwa kwa macho yake. Mfumo wa kompyuta una kasi na unawafikia wanunuzi walio mbali, lakini hata bei zikionyeshwa hadharani, ulinganishaji wenyewe hufanyika katika matabaka yaliyo chini ya kioo. Hiyo si sababu ya kurudi kwenye sanduku, kama ambavyo hakuna atakayewataka kina mama wa Newala waache koki na kurudi bondeni. Ni sababu ya kuwa na watu wa hapa hapa, waliosoma katika shule za hapa hapa, wanaoweza kushuka tabaka baada ya tabaka na kurudi na majibu yanayoeleweka katika mkutano wa chama cha msingi, kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao.

Dk. Hopper alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington. Manowari ya USS Hopper iliyopewa jina lake iliingia kazini mwaka 1997. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku, baada ya kifo chake, Nishani ya Uhuru ya Rais, na mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Yale kikakipa jina lake kimoja cha vyuo vyake vya ndani.

Yeye mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, hakuzitaja kompaila wala COBOL kuwa kazi iliyompa fahari kubwa kuliko zote. Alitaja vijana aliowafundisha.